Uliiona kwa Macho Yako?

...hapo, chini kidogo ya sikio, pale mshipa unapodunda, napaona vizuri kutoka kwenye benchi hili, shingo ya Adinani imenenepa, mtu anakaa mahabusu kwa kesi ya kuua na bado anaota shingo, mwanangu Shamila anaoza chini ya udongo na mume wake amevaa shati lililopigwa pasi, na mimi nina shazia kwenye pindo la baibui, sindano ile ile ninayoshonea marobota ya tumbaku kule ghalani, nene, ncha imepinda kidogo, askari wa kike pale mlangoni amenipapasa kiunoni, kafungua pochi, katoa simu, katoa karanga, kasema pita mama, pole sana, wala hakushika pindo, nani ashike pindo la mama aliyefiwa, nimeushona mshono huo mwenyewe alfajiri kwa uzi mwepesi, nikiuvuta sindano inatoka yote, na jaji akiinuka kwa mapumziko sote tutainuka, na Adinani atashushwa kizimbani apitishwe hapa hapa kwenye ujia, bega lake na bega langu, mara moja tu, nisukume mpaka kiganja kigonge ngozi, nimeisukuma kwenye magunia yaliyolowa maji ya mvua, nimeisukuma kwenye mikunjo minne ya gunia kwa kiganja hiki, shingo ya mtu itanishinda?... "Shahidi, nakuuliza kwa Kiswahili chepesi kabisa," ni Wakili Octavian huyo, wakili wa Adinani, amesimama mkono mmoja nyuma ya joho lake jeusi, anaongea kama mtu anayembembeleza mtoto ale, "hiyo unayoiita molekuli ya sumu, uliiona kwa macho yako?"

Macho yako. Jana aliniuliza mimi. Maneno yale yale, sauti ile ile ya sukari, mama pole na msiba, mama mimi pia nina binti, sasa mama hebu isaidie mahakama, ulimwona mshtakiwa akitia kitu kwenye uji, kwa macho yako? Na leo amemgeukia huyu binti, Julieth, mkemia wa maabara ya serikali aliyepima kilichokuwa tumboni mwa Shamila, binti mwembamba, miwani, rika la mwanangu, ameshika ukingo wa kizimba cha mashahidi kwa mikono miwili, sema uliiona, sema nimeiona ina meno na mkia, sema lolote, nani humu ndani anajua molekuli ilivyo, jaji anajua? mimi najua? sema, mwanangu, usifanye kama mimi... kwa sababu mimi jana nilisema sikuona. Nilikuwa nimeapa, nimeweka mkono juu ya Msahafu, na mdogo wangu Selemani alikuwa ameniambia tangu nyumbani, tumesimama uani kwetu Chemchem, dada sikiliza, dada sema ulimwona, ulikwenda kumtazama mgonjwa, ukachungulia jikoni, ukamkuta anamimina, ukadhani ni maziwa, nani atakubishia, dada, wewe ndiye mama mzazi, sema uliona kijana anyongwe tupumzike... nami nikamwambia nitasema, nililala nikilisema, nilimimina ile chupa kichwani mwangu usiku mzima kwa mkono wa Adinani mpaka nikaiona kweli, kifuniko chekundu, kidole gumba kimeziba lebo, halafu nikapanda pale, Wakili Octavian akaniuliza, na mdomo ukafunguka ukasema sikuona. Sikuona, Mheshimiwa. Jaji akaandika. Nikamsikia Selemani nyuma yangu anasonya mahakamani, kelele ile ya ulimi, na hajanisalimu tangu pale, leo amekaa benchi la mwisho ili asikae na mimi, na Adinani pale kizimbani alishusha pumzi, nililiona tumbo lake linashuka, mimi nimempa pumzi, mimi, Mwanahawa, mama yake marehemu, basi ndiyo nikasema vizuri, kama ulimi wangu umekataa kumuua, mkono utamuua.

"Hapana," anasema Julieth. "Sikuiona."

Mshenzi wewe! Nakaribia kusimama. Ningekuwa na uwezo ningeanza na wewe, hiyo miwani ningeikanyaga hapo sakafuni mpaka iwe unga, umesomeshwa, umelishwa, umepewa gari na posho kuja Tabora kusema sikuiona? Mimi sikusoma, mimi ni mshona magunia, mimi nilikuwa na haki ya kusema sikuona, lakini wewe... na Wakili Octavian anageuka taratibu amtazame jaji, anaacha neno hilo likae, namchukia na yeye, namchukia na joho lake, ningelichoma joho hilo na yeye ndani... sikuona, sikuona, niliona nini basi? Niliona pikipiki inasimama mlangoni mchana kweupe, na Shamila amemlalia dereva mgongoni kama furushi, dereva anapiga kelele mama njoo umpokee ananitapikia, na nilimpokea, alikuwa ameloa, jasho si jasho, kama mtu aliyetolewa kisimani, mate yanamtoka hayakatiki, povu, macho yake nikayafungua kwa vidole vyangu, mboni zimekuwa nukta, tundu la sindano, jua liko nje na mwanangu ananiambia mama mbona giza. Na nyama za mapaja yake zilikuwa zinacheza zenyewe chini ya ngozi, kama kuna panya wanatafuta pa kutokea, nikazikamata, nikazibana kwa mikono miwili, tulieni, tulieni, zikacheza chini ya viganja vyangu. Uji, mama. Adinani kanipikia uji. Huyo ambaye tangu amuoe hakuwahi hata kuwasha jiko, huyo aliyempiga na mkanda kwa sababu chai imepoa, kampikia uji kwa kuwa ana malaria, kamshikia na kikombe, kunywa mke wangu upate nguvu. Wiki ile ile Shamila alipomdai talaka. Alikuwa amemjibu, Shamila mwenyewe alinihadithia, alimjibu akicheka, utatoka humu, kwa nini usitoke, ila utatoka umebebwa... na jua lilikuwa halijazama tulipomfunika hospitali, na Adinani alikuja mbio, alilia, alishika jeneza upande wa mbele, aliingia kaburini kumpokea, mikono ile, ilimpokea, na mimi wanawake wa mtaa wananishika nyumbani nisianguke, laiti nisingeshikwa, laiti ningekwenda makaburini nikatwaa sururu nikampiga nayo utosini akiwa mle mle, tukamfukia juu ya mkewe, hapana, si juu yake, asimguse...

"Hukuiona," anasema Wakili Octavian. "Asante. Basi iambie mahakama ulijuaje." Na Julieth anasafisha koo, sauti yake ndogo lakini haitetemeki, anasema Mheshimiwa Jaji, mashine yangu haioni, mashine yangu inavunja. Nini? "Inavunja, Mheshimiwa. Kile kilichotoka tumboni mwa marehemu, na makombo ya sufuria kutoka jikoni kwa mshtakiwa, tunavisafisha, tunavitenganisha, halafu molekuli zinapigwa na chembe ndogo zaidi, zinapigwa kwa nguvu mpaka zinapasuka, na mashine inapima uzito wa vipande. Kila aina ya molekuli ina namna yake ya kuvunjika. Vipande vikishapimwa, unajua kilichovunjwa kilikuwa nini." Zinapigwa. Ameinamisha kichwa jaji, anaandika, sikia kalamu, zinapigwa mpaka zinapasuka, na mimi hapo hapo nimeshampandisha Adinani kwenye mashine hiyo, nampiga, mkono wa kulia ule uliokoroga unapasuka, taya linapasuka, ule mdomo uliokuwa unaniambia shikamoo mama kwa upole mpaka majirani wakinionea wivu kwa kupata mkwe, unapasuka, meno yanaruka, mbavu, fundo la mguu, naokota kipande kimoja kimoja naweka kwenye mizani ya tumbaku kule ghalani, hiki ni nini, hiki ni uongo, hiki ni uongo, hiki ni kikombe cha uji, navunja tena, mpaka niione hiyo sehemu, ilikaa wapi, ilikuwa na uzito gani ile sehemu yake iliyosimama jikoni ikisikiliza uji unatokota na mwenzake anakohoa chumbani... kidole gumba kinaniuma. Ni sindano. Nimeishika kwa juu ya kitambaa kwa nguvu mpaka ncha imetokeza imenichoma, damu kwenye baibui jeusi haionekani, vizuri, isionekane.

"Lakini sumu ya wadudu wa tumbaku," anasema Wakili, "katika mkoa huu, shahidi, nani hana? Itetemia wanayo, Urambo wanayo, Sikonge wanayo." Anapiga hatua kulia, hatua kushoto, na mshtakiwa ana duka la pembejeo, sumu ni mali yake halali, inaweza kuruka, inaweza kudondoka, upepo, vumbi. "Nakurudisha kwenye swali langu. Mahakama hii inaombwa imnyonge mtu kwa kitu ambacho wewe hukukiona. Na nadhani nitakuwa sahihi nikisema hakuna binadamu aliyewahi kukiona. Molekuli moja, shahidi, moja tu, nani amewahi kuiona?" Watu nyuma wanaguna, kuna anayecheka, cheka, cheka ufe, na wakili wa serikali ananyanyuka anasema pingamizi, na jaji anainua mkono. "Acha ajibu," anasema jaji. "Hata mimi nataka kujua."

Hata mimi. Sitaki lakini nataka. Namtazama yule binti, ameachia ukingo wa kizimba, ameinua mikono, anaongea kwa mikono sasa, anasema macho hayawezi, Mheshimiwa, si kwamba macho ni mabovu, ni mwanga wenyewe, mwanga huu tunaoonea unakwenda kwa mawimbi, na wimbi moja ni kubwa kuliko molekuli mara mamia, linapita juu yake kama gari linavyopita juu ya punje ya mchanga, dereva hajui kama kulikuwa na punje. Kwa hiyo hata uwe na darubini ya mwanga iliyo nzuri namna gani, huoni. "Kwa hiyo haijaonwa!" Wakili Octavian. "Sijamaliza, Wakili. Zimepigwa picha. Molekuli moja moja. Si kwa mwanga, kwa kugusa." Kwa kugusa. "Kwa sindano, Mheshimiwa."

Nani kamwambia? Nimebana pindo, nimetazama kulia na kushoto, askari yuko pale pale anapiga miayo, Julieth hanitazami, anamtazama jaji. "Ni sindano ambayo nchani pake wamebandika molekuli moja ndogo, basi, hiyo ndiyo ncha. Wanailaza ile wanayotaka kuijua mahali pasipo na hewa, kwenye baridi ambayo haipo hapa duniani kwa kawaida, kwa sababu kwenye joto kama hili la humu ndani molekuli haitulii, inatapatapa, inaruka. Ikishatulia, sindano inapita juu yake, karibu sana, haichomi, ikichoma imeharibu. Inapita tu, inahisi inavyosukumwa, hapa pana kitu, hapa hapana, inarudi, inapita tena, mstari kwa mstari, na kompyuta inachora. Nimeziona hizo picha. Kuna moja ina vyumba vya pembe sita vimepangana, ukimwonyesha mrina asali yeyote wa Tabora atakwambia ni sega."

...haichomi, inapita tu. Vidole. Bibi yangu alikuwa na bibi, na huyo bibi alipitishwa hapa Tabora kwenye ile njia ya zamani ya misafara, kongwa shingoni, mti wenye panda umebana koo, wanampeleka pwani, akaugua akaachwa njiani, akaokotwa, akaishi, hakuwahi kusema jina la aliyemfunga wala kijiji alichotolewa, na nani alimwona akifungwa, nani wa kuapa, hakuna, lakini bibi alinihadithia kwamba yeye akiwa mtoto analala naye kitanda kimoja, gizani, alikuwa anapitisha kidole shingoni kwa bibi yake, taratibu asije akamwamsha, kuna mtaro kwenye ngozi, unaanza chini ya sikio hili unaishia chini ya sikio lile, na kidole kinajua, hapa pana kitu, hapa hapana... chini ya sikio. Nimekuwa natazama mahali hapo hapo kwa Adinani tangu asubuhi. Ya Rabi. Na mimi je, mikono yangu hii siku ile, nyama za Shamila zilipocheza chini ya viganja, nilizishika, nilimshika mpaka zilipoacha kucheza, mboni nikazifungua kwa vidole, shuka lililolowa nikalikamua, mwanasheria huyu jana aliniuliza macho, macho tu, mbona hakuniuliza mikono?

"Na sumu hii?" Wakili Octavian amesogea, ameona upenyo, ananusa kama mbwa. "Hii hii tunayoizungumza leo, iliyomo kwenye hati ya mashtaka. Umeiona picha yake, imepigwa kwa hiyo sindano ya miujiza?" Sema ndiyo. Sasa sema ndiyo, binti yangu, umefika mlangoni, neno moja tu, hakuna mtu humu atakayekwenda kutafuta, sema ndiyo nimeiona na Adinani anakwisha, nakuomba, mimi jana sikuweza, weza wewe... na Julieth anavua miwani, anaifuta kwa ncha ya mtandio wake, anaivaa. "Hapana. Zinazopigwa picha vizuri ni zile bapa, zinazolala chini. Hii haikukaa bapa, ina mikono imechomoza. Sijaiona picha yake, na sijui kama kuna aliyeipiga. Siwezi kuiambia mahakama kitu nisichokijua."

Kwisha. Wakili anafungua mikono, anataka kukaa, hata joho ameshalikunja nyuma ili akae, na nyuma huko Selemani anasonya tena, namjua, na mimi nasubiri ile hasira inipande, ile ya jana, naisubiri ije inichukue mkono, na haiji, kwa sababu yule binti hajainama. Mimi jana niliinama. Niliposema sikuona niliinama nikatazama kandambili zangu, nikashuka pale kama mwizi. Yeye amesimama wima vile vile, na anasema, hakuna aliyemuuliza, anasema, "Lakini Wakili, umeniuliza kama niliiona, hujaniuliza kama ilikuwepo." Wakili amebaki katikati, si kukaa si kusimama. "Mheshimiwa, sumu halisi kutoka kiwandani niliipitisha kwenye mashine, ikavunjika. Ya sufuria ya mshtakiwa ikavunjika vile vile. Ya tumboni mwa marehemu ikavunjika vile vile, vipande vile vile, uzito ule ule, na nikarudia. Na iliyokuwa kwenye sufuria, kwa wingi wake, si ya vumbi wala upepo, ni ya kumiminwa. Sikuiona. Ilikuwepo. Nina uhakika." Na jaji anarudia polepole anapoandika, si-ku-i-ona, i-li-ku-wepo... si wangekuwa wameniandika na mimi hivyo? Sikuona, na kampikia uji. Sikuona, na mboni zake zilikuwa nukta. Sikuona, na alimwambia utatoka umebebwa. Niliyasema yote hayo jana, niliyasema kabla hajaniuliza macho, yameandikwa kwa kalamu ile ile, mimi ndiye niliyedhani neno la mwisho limefuta yale ya kwanza. Sikudanganya. Naweza kusimama.

Adinani anatazama wapi? Namtazama usoni, mara ya kwanza, siku zote nimekuwa natazama shingo. Anamtazama yule binti. Watu wote wanamsubiri Wakili, kuna mtoto analia nje, na yeye mdomo wake umelegea kidogo, ulimi unapita kwenye midomo, unapita tena, mkono umeshika chuma cha kizimba, humu ndani tumekaa wengi tunabishana kama ilikuwepo au haikuwepo na kuna mmoja tu anayejua ilipimwa kwa kijiko au kwa kifuniko, na ananijia mbele ya macho hivyo, kijasho juu ya mdomo, mtu aliyesikia mtu mwingine akilitaja jina la kitu chake. Si mnene. Ni uvimbe wa ugali wa mahabusu na woga. Nikimchoma sasa hivi atakufa akiwa na siri yake, atazikwa, watamlilia, Wakili Octavian atasema mama alichanganyikiwa, kesi itafutwa kwa sababu mshtakiwa hayupo, na Shamila atabaki hivi hivi, uvumi. La. Apite. Apite hapa ubavuni kwangu, anukie sabuni, apande tena kesho, akae pale asikilize kipande kwa kipande, nami nitakaa hapa nikimtazama, nataka aishi mpaka asomewe, nataka asikie jina lake lote na la babu yake likisomwa na neno lile mwishoni, ana hatia, na baada ya hapo wamfanye watakavyo. Nasukuma ncha irudi ndani ya mshono. Haitaki. Inanichoma tena, nairudisha kwa ukucha, ndani, ndani zaidi, hapo, kidole kinanata damu nakifuta gotini... na kumbe nilikuwa na mtoto. Tangu alipokufa sijapata kumwona ila akiwa anakufa, nikifumba macho ni povu, ni mapaja, ni pikipiki, na sasa hivi, sijui ametokea wapi, amekaa kwenye kinu kilicholazwa uani, magoti nje, anakula matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemsha na kukausha, mdomo umejaa mashavu yote mawili, tumegombana asubuhi na bado hataki tuongee, na mimi nimesema kitu, sikumbuki nimesema nini, na anazuia kicheko kwa kiganja, anatikisa kichwa, mama acha, mama nitapaliwa, macho yake yote yako wazi, meusi, makubwa, na Wakili Octavian amejinyoosha, ameliweka sawa joho lake, amerudi hatua moja mbele, "Shahidi, nitauliza tena, na safari hii nijibu kwa neno moja tu, uliiona..."